Historia ya Marehemu Matroni wa Bweni la Zamani

Ndugu waombolezaji, marehemu mdogo wetu, ambaye wasichana wa shule walimwita Mama Bweni, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya sekondari, mtoto wa pili wa mpishi wa shule, akiwa kadogo kiasi kwamba mkunga alisema hafiki Jumapili, na marehemu ndiye aliyekuja kumzika mkunga huyo.

Mwaka 1966, shule hiyo kongwe, iliyojengwa 1911 kwa wavulana peke yao, ilipowafungulia wasichana mlango, alikuwa miongoni mwa wale wa kwanza, waliolazwa katika ghala la zamani lililopakwa chokaa likaitwa bweni. Tarehe 2 Januari 1972 aliajiriwa kuwa matroni wa bweni lile lile. Alifunga ndoa tarehe 16 Agosti 1975 na fundi seremala wa shule, aliyekuja miezi saba kutengeneza dirisha moja, dirisha lenyewe halifungi hadi leo, wakajaliwa watoto wawili, mnaowaona hapa.

Alistaafu 2011, mumewe ameshatangulia, lakini hakuondoka, maana shule ya watu mia mbili sasa ina mia tisa, picha za wakuu wa zamani zinapanguswa vumbi kila wiki, ila ukuta wa bweni una ufa wa kupitisha mkono. Marehemu alimhamisha mtoto aliyelala pale, akaweka kitanda chake mwenyewe, na alipokatazwa alijibu, "Ukuta ukitaka mtu, uanze na bibi."

Unyevu ulimwingia kifuani, akalazwa tarehe 20 Mei mwaka huu, akafariki tarehe 3 Juni. Wodini hakuuliza habari za wanawe, nao wasinune, aliuliza nani analala pale. Analala msichana wa kidato cha kwanza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kazini, na majirani wote, hata waliofuata umbea. Shukrani za pekee kwa mkuu wa shule, yule pale mbele anayefuta miwani, ambaye jana, akinywa chai kwetu, alimwambia dada wa marehemu, ndiye mimi ninayewasomea haya, "Bibi, wasichana watahama kabla ya Jumatatu," akidhani anamtuliza kizee tu. Baba, sasa tumekusikia wote.

Upumzike kwa amani, mdogo wetu. Jumatatu dada yako atakwenda kuchungulia mwenyewe.