Mama Wadau, Aliyeupima Moshi kwa Mizani

Ndugu wafiwa, majirani, wakuu wa idara, wachoma matofali mliokuja na vumbi lenu, na wote mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, historia hii inasomwa na mdogo wake wa mwisho marehemu, dereva wa lori la matofali, aliyeacha shule darasa la sita kwa makubaliano ya pande zote mbili, na ambaye anasema mbele yenu kwamba yote yaliyomo humu aliyaona kwa macho yake mawili, hata kuzaliwa kwa marehemu, ingawa yeye msomaji alizaliwa miaka saba baadaye, kwa kuwa mama yetu alikisimulia kisa hicho mara nyingi mno, hata msomaji akijisahau hukumbuka rangi ya beseni alimoogeshwa mtoto.

Marehemu, dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Wadau, alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, saa nne asubuhi, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha nguo, chumba namba kumi na mbili, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa baba yetu, fundi wa boila, na mama yetu, mshonaji wa mashuka ya hospitali. Dirisha la chumba hicho lilitazamana na bomba la moshi la kiwanda, na tangu akiwa na miaka minne marehemu alikuwa na kazi yake maalumu, kukaa dirishani na kupiga kelele, "Mama, unakuja huku!" ili mashuka meupe yaanuliwe kabla masizi hayajayafikia. Siku moja alimuuliza baba, moshi wa leo umeuzidi wa jana kwa kiasi gani, na baba, aliyekuwa ameilisha boila ile miaka kumi na mitano, akamjibu, "Moshi haupimwi, mwanangu, unakoholewa tu," jibu ambalo marehemu hakulikubali siku ile wala siku nyingine yoyote ya maisha yake.

Alipata elimu ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, elimu ya sekondari kuanzia 1975 hadi 1978, na baadaye stashahada ya takwimu aliyoihitimu tarehe 26 Novemba 1982, akiwa msichana pekee katika darasa la wavulana thelathini na mmoja, na msomaji anathibitisha kwamba wavulana hao walinakili majibu yake, kwa sababu wawili wao wamekaa hapa mbele na wanatazama chini.

Tarehe 2 Mei 1983 aliajiriwa kuwa karani wa takwimu katika idara ya mazingira, akapanda ngazi moja baada ya nyingine bila kumsukuma mtu. Tarehe 12 Desemba 1987, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi saa, ambaye alichelewa kwenye harusi yake mwenyewe kwa dakika hamsini, akidai saa yake ilisimama, na dada akamwambia mbele ya wageni, "Leo nimekusamehe, kesho utanunua ya kwako, uache kuvaa za wateja." Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza ni mwalimu, wa pili ni nesi wa kiume, wa tatu ni muoka mikate, na wajukuu sita ambao wote hawapendi hesabu, jambo lililomuuma kimyakimya.

Sasa tufike kwenye kazi iliyoujaza watu uwanja huu. Mwaka 2009, akipanga kabati la idara, marehemu alikuta ripoti ya taifa ya gesi joto, maana yake ule moshi na hewa chafu inayopanda angani na kuifunika dunia kama blanketi, hadi dunia inatokwa jasho. Ripoti ile ilikuwa imeandikwa na mtaalamu wa kukodi aliyekaa hotelini siku kumi na mbili, na ukurasa wa arobaini na moja ulisema kwamba wananchi wa nchi hii kila majira ya baridi huchoma makaa ya mawe ili kupasha nyumba zao joto. Marehemu alisimama katikati ya ofisi, feni ikizunguka juu ya kichwa chake, akauliza, "Jamani, nani kati yetu anasikia baridi?" na hapo ndipo ilipojulikana kwamba hesabu zetu zilikuwa zimeazimwa kwa watu wengine, makosa na makoti yao yote.

Akaenda kwa mkurugenzi akasema ripoti ijayo tuihesabu wenyewe, maana huwezi kupunguza kitu usichokijua kipimo chake, na mkurugenzi, ambaye yupo hapa na ameomba asitajwe vibaya, alikubali kwa sharti moja zito, kwamba ifikapo tarehe 30 Septemba 2014 takwimu za kila sekta ziwe mezani, na ikikosekana hata moja, kitengo kinafungwa, mtaalamu anarudi hotelini kwake, na makaa ya mawe yanarudi ukurasa wa arobaini na moja. Akapewa chumba kilichokuwa stoo ya mifagio, na viti viwili ambavyo ukiijumlisha miguu yake unapata saba.

Mkutano wake wa kwanza ulifanyika Alhamisi, tarehe 21 Oktoba 2010, na barua za mwaliko zilipaswa kusema "Mkutano wa Wadau wa Kupunguza Gesi Joto", lakini mpiga chapa aliishiwa nafasi mwisho wa mstari akaliacha neno "Joto" lijitegemee, nalo likapotea, ikabaki gesi tu. Basi wakaja wauza mitungi ya gesi ya kupikia, wamekunja sura, wanasema, "Mkipunguza gesi sisi tukauze nini, maji?" wakaja akina mama wakijua kinachopunguzwa ni bei, na akaja mzee mmoja ameshika tumbo, anasema yeye ni mdau mkubwa, limejaa gesi tangu juzi na dawa zote zimeshindwa. Wenye matanuri, wenye majalala na wenye viwanda, ambao ndio walioitwa, hawakuja hata mmoja. Mkurugenzi alishika kichwa, lakini marehemu alivuta kiti chake cha miguu mitatu, akawaambia, "Karibuni, wadau, aliyefika ndiye mwenye mkutano," akawauliza mmoja mmoja kwao wanapikia nini na zamani walipikia nini, na hadi jioni wauza mitungi walikuwa wamemtajia nyumba ngapi ziliacha mkaa, mtaa kwa mtaa, takwimu ambazo mtaalamu wa hotelini hakuwahi kuzinusa. Yule mzee naye alipewa chai ya tangawizi, na msomaji anashuhudia kwamba mkutano ulimfaa.

Baada ya mkutano, Mama Chai wa idara, akikusanya vikombe, akasema, "Ile barua niliiona mezani, nikajua mnafunga maduka ya gesi, ila sikuulizwa." Marehemu akaweka sheria iliyodumu hadi leo, kwamba hakuna karatasi itakayotoka ofisini kwake kabla Mama Chai hajasomewa, na Mama Chai akaieleza upya kwa maneno yake, na akieleza isivyo, kosa ni la karatasi. Maofisa wenye shahada walipanga foleni jikoni, karatasi mkononi, na Mama Chai huku anachuja majani anawaambia, "Mwanangu, hapo umenipoteza, rudi ukaandike."

Kwa njia hiyo viwanda vikaelewa, majalala yakaelewa, wafugaji wakaelewa kwa nini ng'ombe wao, ambao mbweu zao nazo ni gesi joto, wanaulizwa wanabeuaje, na kufikia mwaka 2013 ilibaki sekta moja tu, matanuri ya matofali kando ya mto, matanuri thelathini na nane chini ya mwenyekiti wao anayeitwa Cheche. Bila Cheche hakuna ripoti, na Cheche alikataa mara tatu. Mara ya nne msomaji alimpeleka dada kwa lori lake, na Cheche akasema bila kuinuka, "Dada, ukihesabu kuni zetu leo, kesho utakuja na kufuli." Dada akamjibu, "Kufuli sina, kaka, nina mizani," na Cheche akacheka hadi kofia ikadondoka, "Mizani ya kupimia moshi? Ukishaupima utaufunga kwenye gazeti?"

Marehemu alikaa pale kuanzia Jumatatu, tarehe 3 Juni, hadi Alhamisi, tarehe 13 Juni 2013, na mizani yenyewe ilikuwa ya kusimama, aliyoiazima hospitali kupitia mwanawe nesi, gogo likiwekwa juu yake linaviringika, kwa hiyo ilimbidi apande amekumbatia gogo, asome, ashuke, kisha apande bila gogo, atoe. Hivyo matanuri yote thelathini na nane yakajua kwamba ofisa wa serikali ana kilo sabini na sita, Cheche alihakikisha hilo kwa sauti yake yote, na dada akamwambia, "Zangu nimezitaja, mwenyekiti, sasa na wewe taja za kuni zako."

Zile kuni mbichi alizipima siku ya kwanza, akaziandika, akaomba zianikwe pembeni, na baada ya wiki tano akarudi, tarehe 8 Julai, akazipima tena mbele ya wachomaji wote. Gogo lililokuwa na kilo arobaini lilikuwa na ishirini na nane. Akamgeukia Cheche, akasema kwa upole kabisa, "Hizo kumi na mbili ni maji. Mwenyekiti, miaka yote hii umekuwa ukichoma maji." Ndugu waombolezaji, mchoma matofali unaweza kumtukana mengi akakusamehe, lakini hilo hapana, Cheche alikaa juu ya matofali yake kama aliyepigwa kibao, wenzake wanaangua kicheko, "Cheche, kumbe wewe ni birika!" na kesho yake akaamuru kila tanuri lianike kuni kwanza na likandikwe udongo nje, joto lisitoroke. Tanuri lililokula malori manane ya kuni likatosheka na matano, na tarehe 19 Agosti 2013 Cheche alikuja idarani kwa miguu yake, ameshika daftari la shule lenye takwimu za matanuri yote, akaanza kwa kumsomea Mama Chai.

Ripoti ilikamilika tarehe 26 Septemba 2014, siku nne kabla ya mwisho, kurasa mia mbili na kumi na nne, ndani yake mna jalala, mna ng'ombe, mna Cheche, na makaa ya mawe ya majira ya baridi hayamo. Jumatano, tarehe 20 Mei 2015, marehemu alisimama mbele ya wakaguzi wa nchi nyingi, katika ukumbi mkubwa wa mbali, akaulizwa nani alihesabu, akajibu, "Tumehesabu wenyewe, pamoja na wenye moshi wao," na ukumbi mzima ukasimama ukampigia makofi dakika nne kamili, kwa saa ya shemeji.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2021, akiwa ameacha maofisa arobaini na mmoja wanaoweza kazi yote, maana alizoea kusema uwezo haujengwi hotelini. Oktoba 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akatibiwa kwa uangalifu mkubwa, huku akimsahihishia daktari jedwali la vipimo. Mwezi Juni mwaka huu wa 2024 kitengo chake kilitoa ripoti ya tatu, nayo ilipitishwa bila yeye kuulizwa hata nukta moja, na alipopata habari kitandani alilalamika, "Hata kunipigia simu hawakunipigia!" huku uso wake wote unacheka. Aliaga dunia Jumapili, tarehe 4 Agosti 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, dirisha likiwa wazi, kwa kuwa hakusikia baridi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliopika na kukesha nasi, mkurugenzi na wafanyakazi wa idara, wauza mitungi, wenye majalala, na wachoma matofali waliolijenga kaburi kwa matofali yaliyochomwa kwa kuni kavu, Cheche ameniagiza nilitamke neno hilo kwa nguvu, kavu.

Wa mwisho ni Mama Chai, kwa sababu sheria ni sheria, na jana mchana nilimsomea karatasi hii jikoni kwake. Alisikiliza yote, akaniambia, "Hapo kwenye makofi umenipoteza, yeye alinisimulia safari ile yote, na makofi hayakuwemo." Basi nakiri. Ukumbini sikuwepo, hata pasipoti sina. Mkaguzi alifunua ukurasa wa mwisho, akasema, "Hakuna swali," watu wakaenda kula, na dada alirudi akatusimulia maneno hayo mawili kama mtu aliyevishwa taji. Mengine yote ni kweli, hata kilo sabini na sita, lakini makofi niliyatunga mimi, kwa kuwa niliona anayadai. Kwa hiyo nawaomba, wadau, aliyekaa ainuke, Cheche shusha hiyo kofia, shemeji shika saa yako, tumpigie sasa hivi dakika nne kamili, ili karatasi hii isitoke hapa na uongo ndani yake.

Pumzika kwa amani, dada. Hakuna swali.