Chupa Kutoka Chini ya Ziwa

Kamyoneti ya samaki ilikuwa ikipanda kutoka Kasenyi kwenda Bunia. Mbele yangu, mtafiti wa maji alikumbatia chupa yake ya maji. Mama Wivine, muuza makayabo, samaki wa chumvi, hakuiondolea macho.

"Sitwaye, maji ile ulitoa wapi?" akamuuliza, akimwita mwananchi kwa heshima.

"Ndani ya ziwa, mbele ya Tchomia, chini kabisa. Kule hakuna hewa, mama. Samaki haiwezi kuishi."

"Bwana yangu alizama pale, hatukumuona tena. Siye, mutu akikosa kuonekana, tunazika maji ya fasi alizama. Unipatie."

"Iko chupa moja tu. Laboratware inaingojea."

Chupa ikaanza kutoa mapovu.

"Anapumua," mama akasema.

"Ni gazi. Inatoka sababu tunapanda mulima. Tukifika Bunia itanyamaza."

"Weye ulisema kule hakuna hewa."

"Hii haiko hewa ya mutu muzima."

"Na yeye haiko muzima tena."

Yule msomi wa maji akakohoa. Nami nilikohoa, ingawa sina diploma.

Mama akaishika chupa shingoni, msomi hakuiachia. Tulisimama sokoni Bunia, mahali tambarare, na injini ikazimwa. Wote wawili walikuwa bado wameishika. Mapovu yakaendelea kupanda, polepole, kwa mwendo wa pumzi za mtu aliyelala.