Placida Kokubanza na Redio Yake ya Dirishani

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Kaisho, na ninyi mliosafiri kutoka Kihanga, Nkwenda na Bukoba, asanteni kwa kuja kutusaidia kumsindikiza Placida. Mimi ninayesoma naitwa Sperancia, wifi yake, mdogo wa marehemu mume wake. Mnajua mawifi hawakosi maneno, na sisi tuliyasema yote, mazuri na mabaya, kwa miaka mingi. Watoto wake ndio walioniomba nisome. Humu yamo mambo ya tarehe na mahali kama ilivyo kawaida, na limo jambo moja ambalo mwenyewe aliniagiza niliseme atakapokuwa amelala. Nitalifikia.

Marehemu Placida Kokubanza alizaliwa tarehe 14 Aprili 1957 huko Kihanga, Karagwe, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mutalemwa na Mama Mukantabana. Baba yake alikuwa mpiga nanga, kile chombo cha nyuzi cha wazee wetu, na jioni akishakunywa rubisi kidogo alikaa mbele ya nyumba akapiga. Mama yake alisimulia kwamba mtoto huyu alilala vizuri nanga ikilia, na ilipotulia tu aliamka kudai. Kwa hiyo wanaosema Placida aliupata muziki kwenye redio wamekosea. Alizaliwa nao, redio aliikuta mbele ya safari.

Alianza shule ya msingi Kihanga mwaka 1965 na kumaliza darasa la saba mwaka 1971. Nafasi za sekondari zilikuwa chache wakati huo na yeye hakupata. Hakulalamika, au kama alilalamika hakuniambia. Mwaka 1973 na 1974 alijifunza kushona kwa masista, akatoka na cheti cha cherehani na tabia ya kuimba huku akikanyaga pedali.

Tarehe 26 Juni 1976 alifunga ndoa takatifu na kaka yangu, Deodatus Kaijage, hapa Kaisho. Kaka wa Placida aliyekuwa akifanya kazi Mwanza alimpa dada yake zawadi ya redio kaseti, kubwa, yenye mkono wa kubebea. Nakumbuka siku bibi harusi alipoingia nayo. Mama yetu, Ma Kemirembe, alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kigango, mtu wa rozari na mtu wa msimamo. Aliitazama ile redio, akamtazama mkwe wake, akasema, "Mwana wange, hapa kwetu watu wanasali." Placida akajibu, "Ndiyo, Mama. Hata mimi nasali." Kisha akaiweka dirishani, mahali ilipokaa kuanzia siku ile.

Niwaeleze kidogo jinsi alivyoishi na muziki, maana ukimwondolea muziki Placida huwezi kumsimulia. Kila kazi ya nyumbani ilikuwa na nyimbo zake. Kumenya ndizi kulitaka dansi la taratibu, lile la gitaa linalongoja zamu yake, kwa sababu wimbo wa haraka unamfanya mtu ajikate kidole. Wakati wa kuanika kahawa aliweka stesheni za ng'ambo ya mpaka, akafuatisha nyimbo za Kinyankole ambazo sisi Wanyambo tunazielewa bila kufundishwa. Kufua kulikuwa kwa kwaya. Nilimuuliza kwa nini kwaya, akasema, "Wifi, kufua ni toba, unasugua mpaka litoke." Taarifa ya habari ilipoanza aliizima redio kuokoa betri. Betri zilipochoka aliziweka juani juu ya ungo, na watoto walijua hakuna ruhusa ya kuzigusa.

Kwa kazi alikuwa mkulima wa migomba, maharage na kahawa, na siku za soko alishona nguo Nkwenda, kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mzee Hanifu, ambaye tunaye hapa leo. Mzee Hanifu alikuwa akimtania, "Placida, wateja wananiuliza hili ni duka la vitambaa au la dansi." Lakini hakuwahi kumwambia azime. Zile sare za kijani za kwaya yetu, ambazo mlizisifu sana kwa mishono iliyonyooka, alizishona zote kwa rumba. Sikuwahi kuwaambia wanakwaya. Sasa wamejua, na sare zimeshachakaa.

Mama yetu naye, ambaye kila siku alitoa sauti kutoka chumbani kwake akisema, "Placida, punguza," tulimzoea hivyo. Placida alikuwa wa kwanza kugundua kwamba Mama alisema "punguza" na hakusema "zima" hata siku moja. Mimi mwenyewe nilipokuwa msichana niliwahi kumkuta Mama anapepeta maharage nyuma ya nyumba, mguu wake unapiga chini kwa kufuata gitaa la dirishani. Aliponiona aliacha kupepeta na kuniuliza kama nimekwishateka maji.

Sasa nafika kwenye lile jambo.

Mama yetu aliugua mwaka 1991 na kufariki tarehe 9 Septemba mwaka huo, siku ya Jumatatu, mchana. Mimi nilikuwa nimeolewa Bukoba, sikuwepo. Kaka Deodatus alikuwa amekwenda Nkwenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Kaka yetu mkubwa, Ta Cleophace, alikuwa amekwenda kumwita katekista. Mgonjwa alibaki na Placida. Ta Cleophace aliporudi na katekista na majirani watatu, walisikia muziki wa dansi tangu njiani. Wakaingia. Mama alikuwa amekwisha kufa na redio ilikuwa inapiga.

Ninyi wenyeji mnajua uzito wake. Kwetu msiba ukitokea hakuna anayeshika jembe wala kufungua redio mpaka marehemu azikwe, hata kama marehemu ni wa upande wa pili wa kijiji na mlikuwa hamsalimiani. Na hapa palikuwa na maiti kitandani na gitaa dirishani. Ta Cleophace alisema mbele ya wote, "Huyu mwanamke amempigia mama yangu dansi." Placida hakujibu neno.

Akaitwa Ma Dansi. Wengine walimwita hivyo kwa utani, wengine hawakuwa wanatania. Akina mama wa kigango hawakumchagua tena kwa kazi yoyote, hata ya kupanga maua. Na Ta Cleophace, ambaye nyumba yake na hii zinatenganishwa na migomba tu, hakula tena chakula cha Placida. Harusi za watoto alikuja kanisani na kurudi kwake. Mwaka 2011 tulipomzika kaka Deodatus alikaa nje na majirani mpaka mwisho. Kila msimu wa senene Placida alimkaangia na kumpelekea kwa mkono wa mtoto, na kila msimu zilirudi kama zilivyokwenda. Mtu wa Kagera akikataa senene mjue ameumia. Placida alikuwa anaziangalia, anasema, "Basi tule sisi," na msimu unaofuata anapeleka tena.

Nilimpenda wifi yangu, lakini nakiri kwamba jambo lile sikulielewa. Mtu mwenye akili kama yake angewezaje?

Mwaka 2023 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Madaktari walisema moyo umepanuka. Alipohudhuria kliniki Bukoba alifikia kwangu, na tuliishi pamoja majuma mengi kuliko tulivyowahi kuishi tangu ujana wetu. Redio kaseti ilikuwa imekufa zamani. Alikuwa na kiredio kidogo cha memori, na vijana wa Nkwenda walimjazia nyimbo zake za kale. Siku moja asubuhi, mwaka jana, tunachambua mchele jikoni kwangu, wimbo ukaanza, naye akanyoosha mkono akauzima. Nikamuuliza kuna nini.

Akasema, "Huu ndio uliokuwa unapiga."

Ndipo akaniambia. Mchana ule, walipobaki wawili, Ma Kemirembe alimwita karibu akamuuliza, "Ile kanda yako ya yule anayeimba taratibu, ipo?" Placida alidhani homa imempanda. Akajibu ipo. Mama akasema, "Iweke. Kabla hawajarudi." Placida akaiweka, akarudi kukaa kitandani, Mama akamshika mkono. Walisikiliza upande wa kwanza wote. Mama akasema, "Geuza." Akaenda akageuza, akarudi, akashikwa mkono tena. Mama alikuwa anapiga kidole kwenye kiganja chake kwa kufuata gitaa. Katikati akamwambia, "Usiwaambie, mwana wange. Kigango kizima kitanicheka." Placida akamwahidi. Kidole kikaendelea kidogo, kisha kikaacha.

"Nilijua," Placida aliniambia. "Lakini mkono wake ulikuwa umenishika, na redio iko kule dirishani. Nikasema nikiuachia huu mkono nimemwacha peke yake. Nikakaa. Ndipo wakaingia."

Nikamwambia, "Miaka yote hii, Placida. Ungesema sentensi moja tu."

Akasema, "Niliahidi." Kisha akacheka, akaongeza, "Na wangeniamini mimi, Ma Dansi, nikisema ni mwenyekiti aliyeomba?"

Mumewe alijua. Alimwomba anyamaze, naye kaka yangu akanyamaza mpaka alipofariki. Nilimuuliza Placida kama nami ninyamaze. Alifikiri kwanza. Akasema, "Nikiwa hai, ndiyo. Nikishakufa, sema. Nitakuwa nimeshamfikia Mama, tutaelewana huko wenyewe. Watoto wangu wasibaki na jina hilo."

Mama ni mama yangu, na nimeona nina haki ya kulisema. Sioni kwamba nimemvunjia heshima. Aliwalea wakristo wengi wa kigango hiki, na alipenda gitaa. Yote mawili ni kweli.

Hali ya Placida ilibadilika mwezi Februari mwaka huu. Alirudishwa nyumbani Kaisho kwa ombi lake, akapata Mpako wa Wagonjwa, akaagana na watoto. Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025 asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Wanawe walikuwepo wote. Redio ilikuwa imezimwa, kwa sababu siku za mwisho alisema inamchosha, na hilo ndilo lililotuambia kwamba anaondoka.

Kwa desturi, wasifu husomwa kwanza na mkubwa wa ukoo kabla ya kwenda kuchapwa. Mkubwa wa ukoo wetu ni Ta Cleophace. Sitaficha, niliogopa. Juzi nilipita kwenye migomba na karatasi zangu nikamkuta barazani kwake. Nikamwamkia, "Shikamoo kaka," akaitikia, nikaketi, nikamsomea tangu mwanzo. Nilipofika kwenye mchana ule hakunikatiza. Nilipomaliza akaniambia nirudie mahali pa mkono. Nikarudia.

Akauliza, "Alikuwa amemshika wakati wote?"

Nikamwambia ndivyo alivyosema.

Kaka yangu ana miaka themanini na sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika baba. Alisema, "Mimi nilidhani Mama alikufa peke yake. Nilidhani yule yuko na muziki wake huku, na Mama anakata roho kule, hakuna wa kumpa hata maji. Hicho ndicho nilichobeba. Muziki ulikuwa kitu kidogo." Kisha akasema, "Kumbe alishikwa mkono, na mimi nikamwadhibu aliyeushika."

Jana mchana alikuja hapa msibani akitembea kwa fimbo yake, akapita wanaume waliokaa nje, akaingia moja kwa moja jikoni kwa Placida. Akaketi kwenye kigoda akamwambia Evelyn, binti mkubwa wa marehemu, "Nipe chakula cha mama yako." Evelyn akamwambia, "Baba mkubwa, aliyepika ni mimi." Akasema, "Migomba ni yake. Nipe." Akala mpaka akamaliza. Sehemu hii nimeiongeza baada ya hapo, na kijana wa steshenari ya Nkwenda amenivumilia, namshukuru.

Marehemu ameacha watoto wanne: Evelyn, Elipidius, Renalda na Projestus. Mtoto wake mwingine alitangulia akiwa mchanga. Ameacha wajukuu kumi na mmoja, mdogo wake Mukabasi wa Kihanga, na wifi yake, ambaye ni mimi, na ambaye hatapata tena mtu wa kumjibu.

Katika karatasi niliyompelekea Ta Cleophace orodha iliishia hapo. Jina lake sikuliweka, kwa sababu kwa muda mrefu hatukujua tumwandike kama nani wake. Aliniomba kalamu. Aliandika polepole, na nimemwambia kijana wa steshenari achape alivyoandika mwenyewe bila kurekebisha: "Na kaka yake, Cleophace Kaijage, ambaye amechelewa, na anaomba yeye atie udongo wa kwanza."

Placida Kokubanza, Bwana akupokee, upumzike kwa amani.