Marehemu Ambrosi Lugembe, Kinyozi wa Gongoni Aliyefungwa kwa Utani

Padre, wazee wetu, majirani wa Gongoni, ndugu mliotoka Lusu na Sikonge, na ninyi watani mliosimama kule nyuma na majivu mikononi: tunaomba mtulie kwanza tuwasomee maisha ya Ambrosi Lugembe. Tukishamaliza, watani mtaanza kazi yenu. Ila yuko mmoja kati yenu aliyeleta ombi kwa familia, naye jibu lake limo humu humu. Asikilize mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1922 kijijini Lusu, Nzega, mtoto wa pili wa mzee Lugembe na mama Apolinaria. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu begani kutoka Unyanyembe mpaka pwani. Huko njiani ndiko Wanyamwezi na Wazaramo walikopigana, wakauguzana, wakazikana, mwisho wakaona heri watukanane kwa kicheko. Marehemu alikuwa akisema kwamba vitu vyote babu alivyorudi navyo kutoka pwani viliisha, nguo zikachakaa na shanga zikapotea, ila utani ulibaki mzima. Na sheria yake tunaijua sote hapa: mtani hakasiriki, wala neno la mtani halipelekwi mbele ya mzee wala hakimu.

Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, akamaliza mwaka 1937. Baba mkubwa Kasimiri, kaka yake, anakumbuka kwamba siku moja wakati wa mapumziko marehemu alimnyoa mwenzake upande mmoja wa kichwa, kengele ikalia, wakaingia darasani hivyo hivyo. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akawatoa wote wawili nje, akamwambia marehemu, "Nenda kamalizie, usimwachie mtu aibu yake nusu." Huyo mwenzake ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza.

Mwaka 1943 alikuja Tabora mjini kujifunza kazi kwa mzee Omari, kinyozi wa hapa Gongoni, mtu wa dini na mwenye mkono mwepesi. Mwaka 1952 akafungua chumba chake mwenyewe, mlango unaotazamana na duka la mzee Abasi fundi cherehani. Watu walifuata mkono wake, lakini zaidi walifuata maongezi. Pale kitini mtu alisema habari za mkewe, za ng'ombe wake, za mvua, na baada ya uhuru alisema na habari za serikali. Tarehe 9 Desemba 1961 marehemu alinyoa watu bure tangu asubuhi hadi mkono ukavimba. Alisema nchi mpya haifai kuingiwa na kichwa kichafu.

Alikuwa na desturi moja ambayo wengi wenu mliiona. Nywele za mtu hakuzitupa jalalani. Ukimaliza kunyolewa alikuuliza, "Unaondoka nazo au nizichome?" Ukisema achome, alizichoma mbele ya macho yako. Kila mtu anajua nywele zako zikiingia mikononi mwa adui, utaendewa nazo kwa mganga. Marehemu aliongeza lake: "Na maneno ya mtu ni kama nywele zake. Yameota kichwani mwake. Ukimpelekea mwingine, umempa kitu cha kumrogea mwenzio."

Alifunga ndoa na Getruda binti Tobias wa Sikonge tarehe 7 Julai 1951. Mzee Tobias, mrina asali na Mmoraviani wa kweli kweli, hakutaka mkwe Mkatoliki. Marehemu alikwenda Sikonge kwa baiskeli, hakusema habari ya posa. Alimwomba tu mzee ruhusa ya kumnyoa. Mzee akakubali, akanyolewa vizuri, akajitazama kiooni, akafurahi. Ndipo marehemu akatoa maneno ya posa. Mzee akasema, "Kumbe! Kwa nini hukuanza na hilo?" Akamjibu, "Baba, ningeanza na posa ungekuwa mkwe wangu, nisingeruhusiwa tena kugusa kichwa chako." Wakabarikiwa watoto watatu.

Sasa tunafika mahali ambapo wengine walitushauri tupafupishe.

Mwaka 1973 alikuja Gongoni katibu mpya wa tawi la chama, ndugu Selemani, Mzaramo. Tulimpokea kwa furaha, mtani kamili amefika mlangoni! Marehemu ndiye aliyemfanya mwenyeji. Siku ya kwanza tu alimwita "mla nazi uliyepotea njia," naye akamwita marehemu "mpagazi." Walikuwa wakisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Mama Mwanne, aliyekuwa akikaanga mihogo pale, alisema akiwasikia hao wawili hahitaji redio.

Lakini mwaka uliofuata, watu walipokuwa wakihamishwa kwa malori kupelekwa vijiji vipya, wengine nyumba zao zikibomolewa nyuma yao, maneno kitini yalizidi. Selemani akaanza kuja saa ambazo hakuna mteja. Mzee Abasi alikuwa ameketi hapo mlangoni, anatia kitufe kwenye shati, akasikia kwa masikio yake.

"Ambrosi, kwako hapa anapita kila mtu. Niambie tu nani anasema nini. Sikuombi zaidi."

"Mimi nimepewa kichwa nikinyoe, Selemani. Sikupewa nikifungue."

"Ni kwa faida ya nchi."

"Nchi ikitaka maneno ya mtu, imkalishe yenyewe imuulize. Hapa kwangu yanachomwa na nywele."

Selemani akacheka, akamwita mpagazi mjinga, akaenda zake.

Jumamosi tarehe 12 Oktoba 1974 chumba kilikuwa kimejaa. Selemani akaingia kwa kelele kama kawaida yake. "Mpagazi wee! Babu yako alibeba pembe za watu mpaka pwani kwa kibaba cha mtama, na wewe mpaka leo unabeba vichwa vya watu!"

Marehemu hakuinua hata macho kutoka kwenye shingo aliyokuwa akiinyoa. Akamjibu, "Babu yangu alibeba pembe na alijua anazitua wapi. Wewe unabeba watu kwenye malori na hujui unawashusha wapi. Sasa nani mpagazi na nani mzigo?"

Watu walicheka mpaka aliyekuwa akinyolewa akakatwa sikioni kidogo. Selemani naye alicheka. Hili tunaomba mlishike, kwa sababu waliokuwepo wako hapa leo, hai. Alicheka, akapiga makofi, akasema, "Umeniweza, mtani." Akanywa na chai.

Jumatatu asubuhi wakaja askari wawili. Hapakuwa na kesi wala hakimu. Walimwambia amesema dhidi ya serikali mbele ya watu, na walimsomea maneno yake yale yale, neno kwa neno, mpaka la pembe na la mzigo. Ila neno la Selemani lililotangulia halikuwemo. Walisoma jibu wakaacha swali. Mama Getruda alisimama mlangoni akauliza, "Huo si utani?" Mmoja akamjibu, "Mama, utani na serikali haupo." Chumba kikafungwa. Kiti kikachukuliwa.

Marehemu alikaa kizuizini tangu siku hiyo hadi tarehe 3 Februari 1977. Mara mbili waliahidi kumwachia kama angetaja waliokuwa wakisema kitini. Hakumtaja mtu. Wapo wanaume waliosimama hapa makaburini leo, waliolala kwao miaka hiyo yote kwa sababu Ambrosi alilala kwenye sakafu ya saruji. Hatuwataji. Yeye hakuwataja, basi na sisi hatutawataja, lakini wanajijua, na tunaona baadhi yao wameinamisha vichwa.

Alirudi na kifua kibovu na meno machache. Mzee Abasi, Mungu amlipe, alimpa nafasi kwenye baraza lake, akakaa hapo na kigoda na wembe, akaanza upya. Hata juma moja halikupita, Selemani akaja. Alikuja akicheka kutoka mbali.

"Mpagazi! Umerudi? Nilidhani msafara umekuacha porini!"

Marehemu alisimama. Alikuwa mkubwa kwa Selemani kwa miaka kumi na zaidi. Alisimama, akafuta kigoda kwa kitambaa, akainama. "Shikamoo, Ndugu Katibu. Karibu ukae."

Selemani akasema, "Ah, acha utani, Ambrosi."

"Nimeuacha, Ndugu Katibu. Nilikaa miaka nafundishwa kuuacha."

Akamnyoa. Alimnyoa vizuri kuliko alivyomnyoa mtu yeyote siku ile, bila kumkwaruza, bila neno moja. Alipomaliza akazoa nywele zote chini, na zilizoangukia kwenye mikunjo ya shati, akazifunga kwenye karatasi, akampa kwa mikono miwili. "Nywele zako hizi, Ndugu Katibu. Tazama kama zimetimia. Hapa hatubakizi cha mtu."

Tangu siku hiyo Gongoni yote ilimheshimu Selemani. Hakuna aliyempiga wala kumtupia jiwe, tulimheshimu tu. Mama Mwanne, aliyekuwa akimtukana ukoo mzima kila asubuhi, alianza kumpa mihogo kwa kupiga goti. Selemani akimwita "we mama mchawi," yeye anajibu, "Naam, Ndugu Katibu, unasema kweli." Watoto walisimama njiani wakamwamkia kwa safu. Penye harusi alipewa kiti cha mbele na soda, na maneno yakaisha pale alipokaa. Penye msiba watani wenzake waliruka na kutukana na kucheka, yeye akaletewa kiti. Mzaramo kukaa Unyamwezi miaka yote hiyo bila kutukanwa hata mara moja! Kila mara alipotafuta kosa la kutulaumu, hakulipata. Mwaka 1979 alikuwa si katibu tena, lakini sisi hatukumvua ukatibu. Mpaka leo tunamwita hivyo.

Kuna waliomwambia marehemu, inatosha, mtu amekonda. Alijibu, "Nimempokonya nini? Mimi walinipokonya kiti na mapafu. Yeye nimempa heshima tu."

Lakini mtu asidhani alikuwa na moyo mkavu. Mwaka jana alimnyoa mjukuu wake mchanga nywele za kuzaliwa. Mtoto alilia mpaka akawa mwekundu. Marehemu aliweka wembe pembeni, akampulizia kichwani, akamwambia, "Lia, mama, sema yote uliyonayo. Hapa hakuna anayeandika." Mtoto akanyamaza akamtazama. Zile nywele alizifukia mwenyewe chini ya mgomba uani, akakanyaga udongo kwa mguu, polepole, kama anayelaza mtoto.

Kifua kilimzidi mwezi wa nne. Alilazwa, akarudi, akalazwa tena. Mwezi wa tano alimwita mama Getruda na watoto, akasema habari ya mazishi yake: nguo ipi, wimbo upi. Mwisho akasema, "Selemani atakuja. Msimfukuze." Akapumzika kidogo apate pumzi. "Mpeni kiti." Alifariki Jumapili tarehe 14 Juni 1981 alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Jana ndugu Selemani alimtuma mzee Abasi kwetu. Aliomba leo afanye utani wa mazishi kama desturi: ajipake majivu, alale kaburini, adai fidia kabla jeneza halijashushwa, amtukane marehemu kama mtani. Baba mkubwa Kasimiri alitusihi tukubali. Alisema, "Msibani hakuna kisasi. Akishatuchekesha, yamekwisha." Tulimsikiliza, maana ni mkubwa wetu. Mama Getruda ndiye aliyejibu: "Ndiyo hilo analotaka, shemeji, yaishe. Akituchekesha leo, itakuwa hata kile cha mwaka sabini na nne kilikuwa utani. Hakikuwa utani. Utani ni kile alichokipeleka kwa askari."

Basi watani wengine wote, Wazaramo mliotoka mbali, bibi Mwamvita na wenzako, kaburi ni lenu. Rukeni humo. Mwiteni mpagazi, mwiteni mwizi wa nywele, ibeni kitambaa cha jeneza, na kama mnalo la kusema juu ya serikali, semeni. Hapa halipelekwi popote, na atakayelipeleka tunaijua njia yake.

Marehemu ameacha mjane, Getruda. Watoto watatu, Tobias, Paskazia na Bertila aliyeandika na anayesoma haya. Kaka mmoja, Kasimiri. Wajukuu watano, na baraza la mzee Abasi lenye wateja waliokuja leo bila kunyolewa.

Ndugu Katibu Selemani, shikamoo. Kiti chako kipo mbele, kimewekewa kitambaa cheupe. Chai italetwa hapo ulipo. Tunakuomba usisimame, usijichafue, na usiseme neno. Hakuna atakayekutania.

Bwana ampe Ambrosi amani ya kupumzika. Ni yake peke yake. Leo hatumgawii mtu.