Fundi Vifungo Alilaumiwa kwa Mafuta Ambayo Hakuyala

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Fundi Vifungo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1989, mtoto wa pili kati ya watatu. Alimaliza shule ya msingi mwaka 2003, na Novemba 2007 akahitimu chuo cha ushonaji.

Alishona miaka kumi na tano katika chumba nambari nne, nyuma ya duka la vioo. Hakuna shati lililotoka kwake bila kifungo cha akiba ndani ya pindo. Mteja mmoja akamuuliza, "Hiki cha nini?" Akajibu, "Cha siku utakayoshiba halafu uchekeshwe." Tarehe 8 Agosti 2015 alifunga ndoa na fundi vioo wa mlango wa pili, wakajaliwa binti.

Vinundu vya manjano vilimtokea vidoleni akiwa na miaka kumi na tisa. Kila alipokwenda zahanati aliambiwa, "Dada, punguza mafuta." Miaka kumi na minne! Mara ya mwisho alijibu, "Nipunguze nini tena, daktari? Nimebakiza maji ya kunywa." Daktari alicheka. Na dada yake mkubwa, ndiye huyu anayewasomea, alifungia chupa ya mafuta kabatini na kutembea na ufunguo. Anaona aibu kulisoma hili, lakini litasomwa.

Ukweli ulijulikana Februari 2023, moyo ulipomwangusha mara ya kwanza na daktari bingwa akapima vinasaba. Seli za ini zina vipokezi vinavyokamata kolesteroli kwenye damu, na kuna protini inayovishika vipokezi hivyo na kuviingiza ndani ya seli pamoja na mzigo wao. Marehemu hakuwa nayo. Mzigo ulibaki mlangoni, kolesteroli ikajaa kwenye damu, ikajikusanya vidoleni kuwa vile vinundu, na kuziba mishipa ya moyo. Kasoro hiyo aliirithi kwa baba na mama, ambao hawakuugua wala hawakujua. "Vidonge vipo," bingwa alisema. "Angeanza mapema vingemsaidia sana." Vilikuwepo kwenye rafu ya zahanati ileile! Familia ina hasira, na haimwombi mtu radhi. Alifariki tarehe 6 Mei 2023, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, binti wa miaka sita, mama, dada, na mdogo wake wa kiume, mwenye vinundu vya namna hiyo kisiginoni. Alikuwa akivificha kwa soksi asije akaitwa mlafi. Marehemu alimwambia wodini, "Mdogo wangu, wewe si mlafi. Kapime." Jumatatu saa mbili asubuhi dada yake atakuwa mlangoni kwake, na atapimwa, atake asitake.

Marehemu na apumzike kwa amani. Sisi wengine tutapumzika majibu yakitoka.