Picha Mbili za Batula

Kijiwe chetu kiko pale Garsen barabara zinapoachana, moja ikienda Lamu, moja Hola, moja Malindi. Tunakalia nguzo ya simu iliyoangushwa na mafuriko ya El Nino mwaka wa tisini na saba, na sasa ni tisini na tisa na hakuna aliyekuja kuisimamisha. Shee wa Kipini hufika baada ya swala ya alasiri na jiko lake la makaa na dele la kahawa ya tangawizi, na wenyewe hujitokeza mmoja mmoja. Kuna Gollo, tunayemwita Mahakama kwa kuwa kila jambo kwake ni kesi. Huyo alikuwa na ng'ombe mpaka homa iliyofuata maji ikawamaliza. Kuna Hiribae, jina la kijiweni Redio, mkulima wa Idsowe ambaye mto ulimchukulia migomba yake pamoja na udongo wake, na tangu hapo kazi yake ni kusikiliza habari na kutusimulia kwa kuongeza chumvi. Mimi hukaa mwisho wa nguzo na viatu vyangu vya kushona. Siku ninayoisimulia alikuwapo pia Nehemiah, kijana wa Ngao, aliyekuwa mkalimani wa shirika moja la misaada wakati wa mafuriko, kisha wakamchukua ofisini kwao Mombasa. Alikuwa amekuja likizo, na hakuwa na furaha ya mtu aliye likizo.

— Umekonda wewe, Redio alimwambia. Mombasa hakuna chakula?

— Chakula kipo.

— Sasa?

Nehemiah alizungusha kikombe mkononi bila kunywa.

— Nimemwona Batula, alisema. Kwenye kompyuta.

Gollo aliweka kikombe chake chini. Batula ameolewa na mtoto wa kaka yake Gollo. Wakati wa maji waliishi wote kwenye kambi, kule penye mwinuko, chini ya turubai moja, Batula akiwa na binti yake wa pekee, Ikran, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea. Ikran alishikwa na malaria barabara ikiwa imekatika na mashua haipatikani. Tulimzika palepale kwenye mwinuko, kwa sababu hapakuwa na ardhi nyingine kavu.

— Batula gani? Gollo aliuliza, ingawa alijua.

— Mama Ikran, mzee. Wewe unakumbuka wale wageni wenye kamera. Mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Walimpiga picha mbili. Ya kwanza asubuhi, amembeba mtoto, mtoto anamvuta mtandio na wote wawili wanacheka. Ya pili mchana, amekaa kwenye tope, mtoto amelala mapajani, yeye anatazama mbali na amekunja uso.

— Alikuwa anamtazama mumewe, Gollo alisema. Alikuwa ameenda kutafuta mbuzi upande wa pili. Na jua lilikuwa linampiga machoni.

— Najua. Nilikuwepo. Lakini picha haisemi hivyo.

Shee alimimina kahawa nyingine bila kuulizwa. Alikuwa na tabia hiyo mazungumzo yakiwa mazito.

— Haya, hiyo kompyuta inamtakia nini? aliuliza.

Nehemiah alijaribu kutueleza. Shirika lina ukurasa wake kwenye intaneti, na mtu aliye Ulaya au Marekani akiufungua nyumbani kwake anaona picha, anaona maneno, na chini yake kuna mahali pa kubonyeza akitaka kuchangia. Hilo tulilielewa. Kilichotushinda ni kilichofuata.

— Ukurasa ni mmoja, alisema, lakini si mmoja. Mtu wa kwanza akifungua, anaona Batula anayecheka. Wa pili akifungua, anaona Batula aliyekaa topeni. Wa tatu anayecheka, wa nne wa topeni. Wenyewe hawajui. Kila mtu anadhani ameona kile ambacho wote wanakiona.

— Huo ni ulaghai, Mahakama alisema.

— Wanauita majaribio. Halafu kompyuta inahesabu. Inajua nani alibonyeza pale pa kuchangia, nani alisoma nusu akaondoka, nani alibonyeza picha yenyewe akidhani itafunguka. Picha inayowafanya wengi wabonyeze ndiyo inayobaki.

— Inajuaje kidole cha mtu aliye Marekani? Shee aliuliza.

— Anatumia kidude fulani cha mkononi, kina waya. Wanakiita panya.

— Panya, Shee alirudia, akatikisa kichwa na kuyachochea makaa yake.

Redio alikuwa ameinama akichora mchangani kwa kidole, na mimi nilijua anapika kitu.

— Sikilizeni, alisema. Mnakumbuka chakula cha msaada? Sisi watu wa Idsowe tuliletewa unga bila maharagwe. Wenzetu wa Tarasaa wakaletewa maharagwe bila unga. Tukacheka, tukasema hawa watu hawajui kugawa. Kumbe walikuwa wanajua. Walitaka kuona nani atalalamika zaidi.

— Lori lilikwama, Nehemiah alisema. Ni hilo tu.

— Wewe ulionyeshwa lori. Sasa nenda mbele kidogo. Maji yenyewe. Ukingo wetu yalifika usiku, ukingo wa pili yakafika mchana wa kesho yake. Mto mmoja, maji mamoja. Kwa nini?

— Kwa sababu kwenu ni bondeni, nilimwambia.

— Kila siku ni bondeni. Mwaka huo ndio tulijaribiwa. Mtu aliweka vijiji viwili, akasema hiki tukizamishe usiku, hiki mchana, tuone.

— Mvua ilikuwa ya Mungu, Redio, Shee alisema. Usiingize watu pale.

Lakini Gollo alikuwa ameshadakia. Alizungumza polepole, kwa Kiswahili chake cha malishoni, akimtazama Nehemiah tu.

— Ng'ombe yangu alikufa yote. Ya jirani yangu, maji moja, nyasi moja, ilibaki. Mimi nilikuwa nasema ni bahati. Sasa wewe unaniambia iko mtu anakaa mahali, anaangalia huyu akicheka ni namna gani, huyu akilia ni namna gani. Basi mimi pia niko kwa hiyo kompyuta. Mimi ndiyo ile ya tope.

— Hapana, mzee. Si hivyo.

— Ni vipi?

Nehemiah alikunywa kahawa yake yote mara moja, na ilikuwa bado ya moto.

— Ni kitu kidogo kuliko hicho, alisema. Hakuna mtu mkubwa. Ni kijana tu kama mimi, anakaa kwenye chumba chenye baridi ya mashine, ana picha ya mama yake mezani. Alinikaribisha chai. Alifurahi kunionyesha, kwa sababu alidhani nitafurahi. Aliniambia tangu waiache ile ya topeni peke yake, michango imepanda sana. Ule unga wa mwisho, ule mweupe, ulitokana na ile picha.

Ule unga tuliukumbuka. Ulikuja wakati watu wameanza kuchemsha mizizi ya yungiyungi, na ndio uliotuvusha mpaka mto ukarudi kwenye njia yake.

— Kwa hiyo tumemla Batula, Gollo alisema.

— Usiseme hivyo, mzee.

— Mimi nilikula. Wewe hukukula?

— Nilikula.

— Hata mimi, nilisema.

Basi la Lamu lilifika, likasimama kando kungoja askari wa kulisindikiza, na abiria wakashuka kunyoosha miguu. Wawili walikunywa kahawa wakiwa wima, wakalipa, wakaenda zao. Redio aliwasubiri waondoke ndipo akauliza.

— Lakini hiyo ya topeni imekaa huko mwaka mzima. Hawakujua kwamba mtoto alifariki?

Nehemiah aliangalia barabarani. Nadhani hilo ndilo lililomkondesha, na ndilo alilokuja nalo kutoka Mombasa, akizunguka nalo huku akitutajia picha na panya.

— Niliwaambia mimi mwenyewe, alisema. Niliandika ripoti wiki ileile tuliyomzika. Wakaheshimu. Wakabadilisha maneno chini ya picha, wakaandika kwamba Ikran hakuwahi kufika hospitali, saidieni wengine wafike. Hayo yakawa maneno ya kwanza. Maneno ya zamani, yale yanayosema Ikran bado anakusubiri, yakabaki kuwa ya pili. Wakayaweka yote mawili kwenye majaribio, zamu kwa zamu, kama walivyofanya picha.

— Na watu wakabonyeza wapi? Shee aliuliza.

— Pale anaposubiri.

Gollo alisema kitu kwa Kiorma, hakukitafsiri.

— Yule kijana hajui? nilimuuliza.

— Anajua. Nilipomwambia alisema yeye hachagui, wanaofungua ukurasa ndio wanaochagua. Akasema akirudisha yale maneno ya kweli, atakuwa amewanyima watu wengine chakula. Nilitaka kumjibu. Mpaka leo natafuta jibu.

— Fungua kesi, Redio alimwambia Gollo, lakini hata yeye hakuwa anatania.

— Kesi gani? Gollo alisema. Nitamshtaki nani, huyo aliyebonyeza? Yeye alitoa pesa yake. Alimhurumia mtoto wetu.

Jua lilikuwa limeshuka upande wa Idsowe na makaa ya Shee yalikuwa yameanza kuvaa jivu. Ndipo nilipomwona Batula akija kutoka sokoni na kibuyu chake cha maziwa, mtandio wa rangi ya kahawia, mwembamba kuliko alivyokuwa kwenye kambi. Wanawake hawaji kijiweni kwetu. Wakipita hutoa salamu kwa mbali. Yeye alikuja moja kwa moja mpaka kwenye jiko, akasimama.

— Asalaam aleikum.

Tuliitikia wote. Nehemiah alisimama.

— Karibu, mama Ikran.

— Nimesikia sokoni kwamba umekuja, alimwambia. Nimesikia pia maneno. Msichana wa duka la dawa ana kaka yake Nairobi, anasema alimwona mwanangu kwa kompyuta. Ni kweli?

— Ni kweli, dada.

— Anaonekana vizuri?

Nehemiah alikitazama kibuyu cha maziwa.

— Anaonekana amelala, alisema.

— Nimempakata? Batula aliuliza. Ile ya mchana?

— Ile ya mchana.

Batula aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia bei ya kitu. Nilingoja aulize kuhusu yale maneno, na nilimwona Gollo akikaza mikono kwenye fimbo yake akingoja hilohilo. Hakuuliza. Sijui kama alikuwa ameyasikia. Alihamisha kibuyu mkono wa pili.

— Walipiga mbili, alisema. Mimi sina picha yake hata moja. Ile ambayo alikuwa anacheka, hiyo wameiweka wapi?

Nehemiah alimtazama Redio, Redio akanitazama mimi, na mimi nilikuwa na kiatu cha mtu mkononi. Shee, ambaye kila mara ana neno la kumpa mtu, aliinua dele akakuta ni tupu, akalirudisha kwenye jiko hivyohivyo.

— Sijui, Nehemiah alisema. Nitauliza.

— Uliza, Batula alisema. Akatuaga kwa adabu, akafuata njia ya kambi ya zamani, ambako wengi waliohamishwa na maji bado wanaishi.

Nehemiah alikatisha likizo, akaondoka asubuhi yake. Alirudi kabla ya mvua ndefu. Alishuka kwenye basi, akatupita bila kukaa, na kwa uso wake tulijua kwamba picha hakuipata. Baadaye alitueleza kwa ufupi. Yule kijana alikuwa ametafuta kwa moyo wote. Picha iliyoshindwa hufutwa, ili mashine isijae. Filamu yenyewe ilikuwa imepelekwa ng'ambo, na huko hakuna aliyejua iko kwenye sanduku gani. Maneno chini ya picha yalikuwa yamebadilika, lakini si kwa sababu ya Nehemiah. Kulikuwa na mafuriko mahali pengine na mtoto mwingine.

Siku hiyo alipitiliza mpaka nyumbani kwa Batula. Gollo alikuwepo, ndiye aliyetusimulia. Anasema Nehemiah alikaa kwenye kigoda na kusema yote, hata lile la maneno, bila kuficha na bila kujitetea. Batula alikuwa anakamua mbuzi. Hakuacha kukamua. Alipomaliza alifunika maziwa, akaja kukaa mbele yake.

— Wewe ulikuwepo asubuhi ile, alimwambia. Mimi nilikuwa nimembeba, sikumwona uso wake wote. Wewe ulimwona. Basi niambie alikuwaje.

Gollo anasema Nehemiah alianza vibaya, akataja mtandio, akataja jua, akakwama. Akaanza tena. Alieleza meno mawili ya chini, na tope lililokauka kwenye goti, na jinsi mtoto alivyocheka kwanza kwa macho kabla ya mdomo kufuata. Aliendelea mpaka magharibi ikaadhiniwa. Batula alisikiliza ameinamisha kichwa, na mara moja tu alimkatiza, aliposema kwamba Ikran alikuwa ameushika mtandio kwa mkono wa kulia.

— Wa kushoto, alisema. Endelea.