Abwooli Aliyepima Pistoni kwa Ukucha

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Jioni hii tunamkumbuka mama aliyejulikana na kila mkata miti wa Kyenjojo. Jina lake Kabasinguzi. Jina lake la upendo, lile tulilomwita kila siku, Abwooli. Alifariki Jumanne alfajiri, baada ya kuugua moyo kwa muda mrefu. Amezikwa nyumbani kwake, kando ya shamba la chai. Kabasinguzi Abwooli, muuza spea za misumeno ya mnyororo.

Abwooli alifiwa na wazazi akiwa bado mdogo. Alilelewa na kaka yake mkubwa, Kugonza, ambaye sote tunamwita Atwooki. Atwooki aliacha shule ili dada yake asome. Alibeba ndizi kwa baiskeli kutoka vijijini mpaka mjini, mvua na jua. Likumbukeni hilo, wasikilizaji. Huyu kaka ndiye aliyemlea.

Abwooli alipokua aliolewa na Mzee Rwabuhinga, mkata mikaratusi. Kuni zake ndizo zilizokausha chai viwandani. Lakini msumeno wake ulikuwa unakula pistoni kama mbuzi anavyokula maganda. Pistoni ni kile kipande kinene cha aluminiamu kinachopanda na kushuka ndani ya injini. Ikifa hiyo, msumeno umekufa.

Mzee Rwabuhinga anasimulia mwenyewe: "Siku moja narudi kutoka msituni, namkuta mke wangu amepanga pistoni zangu zote mbovu mkekani, kama karata. Nikamuuliza, Abwooli, umeanza kupiga ramli? Akaniambia, nyamaza wewe, nasikiliza marehemu wanasema nini."

Ndivyo alivyojifunza. Aliweka upande mmoja pistoni zilizozeeka kwa kazi, na upande wa pili zilizokufa changa. Akawa anatafuta tofauti. Akaigundua, na baadaye akafungua duka.

Wengi wetu tumemwona akiifanya kazi hiyo. Hakuwa anaanza na boksi. Boksi aliliweka kando, pistoni akaigeuza kichwa chini, akatazama ndani yake. Iliyotengenezwa vizuri ni safi hata pale pasipoonekana. Kisha alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mfereji wa ringi, ule mkanda mwembamba wa chuma unaoizunguka pistoni, polepole, akiwa ametazama pembeni. Ukucha ukikwaruzwa, alisimama. Mwisho alikitafuta kile kipini kidogo kinachoizuia ringi isizunguke. Alikisukuma kwa ncha ya msumari. Kikitikisika hata kidogo, pistoni ile haikuingia dukani mwake.

Kwa nini kipini? Muulizeni Byaruhanga, yule mkata miti tunayemwita Apuuli. Apuuli alinunua pistoni kwingine, ina boksi zuri la kung'aa. Akaingia nayo msituni. Mkaratusi umekatwa nusu, kipini kikachomoka, ringi ikazunguka, injini ikakwama. Msumeno umenaswa ndani ya mti. Upepo ukaja. Mti haukuanguka pale alipoupangia. Ulimvunja mguu mahali pawili, na mpaka leo anatembea na fimbo.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tunafika kwenye siku ambayo Kyenjojo haijaisahau.

Atwooki, yule kaka aliyemlea, aliuza ng'ombe wake aingie kwenye biashara ya spea. Akaenda Kampala. Akarudi na katoni nzima ya pistoni, kila boksi lina muhuri wa kampuni. Ilikuwa siku ya soko. Wakata miti walikuwa wamejaa mbele ya duka la Abwooli, Apuuli akiwamo na fimbo yake. Atwooki akaitua katoni mezani.

"Abwooli, waambie hawa. Mali ya leo ni orijino."

Abwooli akafungua boksi moja. Akaigeuza pistoni. Akapitisha ukucha. Akachukua msumari. Kisha akafungua boksi la pili, na la tatu, kama mtu anayetafuta sababu ya kusema vingine.

"Kaka, nani alikuuzia hizi?"

"Unaniuliza nani? Si usome boksi?"

"Boksi ni la kweli, Atwooki. Pistoni ndiyo siyo."

Mkata miti mmoja akadakia kutoka nyuma: "Mzee, umetuletea gari la harusi, bibi harusi hayumo." Watu wakacheka. Atwooki hakucheka.

Abwooli angeweza kusema, kaka niachie, nitaziangalia vizuri kesho. Mumewe anasema alimwambia hivyo jioni ile. Mkewe alimjibu hivi: "Apuuli alikuwa amesimama pale. Ningesemaje huku naangalia mguu wake?" Chakula cha jioni hakukigusa.

Na kaka mtu, kabla ya kuondoka dukani, alisema maneno mawili tu: "Sawa, Kabasinguzi."

Ninyi mnaonisikiliza mnajua uzito wake. Ndugu yako akiacha kukuita jina lako la upendo, amekufungia mlango akiwa bado amesimama mbele yako. Tangu siku hiyo alimwita Kabasinguzi. Kwenye harusi, Kabasinguzi. Msibani, Kabasinguzi. Sikukuu zikifika, Abwooli alimpelekea chungu cha firinda, maharage anayoyapenda. Chungu kilirudi kimeoshwa, kitupu. Akapeleka tena sikukuu iliyofuata. Kikarudi vilevile.

Lakini tumtendee haki Atwooki. Zile pistoni hakuziuza. Hakuna aliyemzuia, na wanunuzi wa mbali asingewakosa. Alizisukuma chini ya kitanda, akarudi kuchuma chai ya watu.

Miaka ikapita. Siku moja ya soko Atwooki akatokea tena dukani, amebeba mfuko. Ndani yake pistoni mpya, siyo zile za chini ya kitanda, zimefungwa kwenye magazeti. Hazina boksi, hazina jina, hazina muhuri. Wale wacheshi wetu hawakukosekana.

"Safari hii hata gari la harusi hakuna."

Abwooli akaupokea mfuko. Akafungua gazeti. Akageuza, akapitisha ukucha, akasukuma kipini kwa msumari. Akarudia. Kisha akasema, "Siwezi kusema leo. Niachie moja." Akaifunga kwenye msumeno wa mumewe, na Mzee Rwabuhinga akakata nayo mikaratusi msimu mzima. Msimu ulipokwisha Abwooli akaitoa, akaipangusa mafuta, akamwita kaka yake mbele ya watu walewale.

"Hii siyo orijino," alisema. "Msidanganyike, na mkiiuza semeni hivyohivyo. Siyo orijino. Lakini ni nzima. Mimi naiweka dukani kwangu."

Atwooki aliizungusha pistoni mkononi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Siku ile hukunionea hata huruma?"

"Nilikuonea, kaka. Ndiyo maana nilifungua mpaka la tatu."

Anayesimulia haya ni binti yake Abwooli, Kemigisa, aliyekuwa akifagia dukani. Anasema mjomba wake alifuta uso kwa lile gazeti la kufungia, akajipaka wino shavuni bila kujua. Akasema, "Haya, Abwooli. Nipe maji ya kunywa."

Toka hapo wakafanya kazi pamoja. Kaka akileta, dada akipima. Alizokataa zilirudi, na hawakugombana tena. Juzi kwenye maziko Atwooki alisimama, akaombwa aseme neno. Alisema, "Mimi nilimlea mdogo wangu ili asome. Alisoma. Sikujua siku moja atanisomea mimi." Apuuli akamshika mkono akamketisha.

Kwa Mzee Rwabuhinga, kwa Kemigisa, kwa Mzee Atwooki na ukoo wote, poleni sana. Sisi wa redio hii tunalia pamoja nanyi. Mungu amlaze Abwooli pema.

Nasi tuliobaki, tutafakari. Kesho asubuhi kuna baba ataingia msituni, awashe msumeno, ausogelee mti mkubwa kuliko yeye. Amemwamini mtu aliyemuuzia kipande asichoweza kukiona kikifanya kazi. Wewe unayenisikiliza, labda huuzi pistoni. Unauza dawa, mbegu, tofali, au unafundisha watoto wa watu. Yupo anayeegemea neno lako, na hayupo hapo kukuangalia. Usiku mwema, wasikilizaji wapendwa. Mlale mkilifikiria jina la huyo anayewaegemea.